Sahani ya Mjomba Salimu

Mwanangu Rukia,

Harufu utakayoisikia ukifungua begi si ya nguo kuungua, usianze kumlaumu baba yako na pasi yake. Ni sukari. Imeingia mpaka kwenye mapazia, na barua hii naiandikia jikoni, kwa hiyo nayo itafika Sumbawanga inanuka. Leo alasiri ulipokuwa unatoka kwenda Raskazone kuwaaga wenzio, nilikukimbilia mpaka barabarani, miguu peku, mwiko mkononi unadondosha sukari, bodaboda wanatupigia honi. Ukacheka. Ukaniuliza, "Mama, una nini?" Nikakwambia sina kitu, nenda zako. Uongo. Nilikuwa na kitu, ila sikuweza kukisema mbele ya mama wa genge na wateja wake. Sasa wewe hujarudi, baba yako yuko msikitini, nyumba imenyamaza. Nakueleza.

Habari za neti, shuka nzito na nani wa kumpigia simu ukifika, hizo ni za baba yako. Atakueleza stendi, kisha atakueleza tena dirishani basi likiwa linaondoka. Mwache, anazipenda. Na hao wanaokutania kwamba Sumbawanga kuna mambo ya uchawi, waambie sisi watu wa Tanga tuna mdomo gani wa kumsema mtu? Mama yako mwenyewe ana jambo lake, na wewe umeishi nalo humu ndani tangu uzaliwe.

Unaijua ile sahani ya bati, nyeupe, yenye mzingo wa bluu ulioanza kubanduka. Tangu upate akili umeikuta ikifunika mtungi wa maji, na miaka yote umeijua kama kifuniko. Mie naijua kama sahani ya mjomba wako Salimu.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa mpika kashata hapa hapa Mabawa. Unasema unazikumbuka kashata zake ingawa alipofariki ulikuwa mdogo, na mie sikubishii, kwa sababu mdomo una kumbukumbu zake. Zilikuwa nazi, sukari na iliki, basi, hakuna cha nne. Nazi zilitoka upande wa Pangani, zikafuliwa uani, zikakunwa kwa mbuzi, na mkunaji nilikuwa mie, mpaka vidole vikapata sugu kabla ya wakati. Iliki aliitwanga pamoja na maganda, alisema harufu iko kwenye ganda, kwa hiyo ukitafuna ulikuwa unakutana na vipande vyake vidogo vinavyokwaruza ulimi. Alipikia vifuu vya nazi, na ule moshi wa vifuu uliingia kidogo kwenye nazi. Ukiiuma inakatika, halafu inalainika pole pole. Nilikuwa naficha kipande shavuni chuoni, nasoma juzuu huku namumunya, na ustadhi akinitazama nanyamaza. Nimekula vitu vingi tangu wakati ule, vingine vya ghali, na hakuna kilichonikaa mdomoni namna ile.

Ila kazi ya kashata ina wakati wake mmoja mbaya. Sukari ikianza kushika, mwiko hauachwi. Ukigeuka kumjibu mtu, chini kumeungua. Ukiipua mapema, hazishikani, unabaki na mchanga mtamu. Bibi yako wakati huo hakuwa mtu wa kusemeshwa, hata shikamoo aliiitikia kwa mgongo.

Ndivyo alivyomuaga Salimu.

Salimu alikuwa kaka yangu, kifungua mimba wa mama, na mie ndiye kitinda mimba, kwa hiyo alikuwa mtu mzima mie bado natafuna kanga ya mama yangu. Alipata kazi ya meli Mombasa. Asubuhi aliyoondoka kulikuwa na kashata za harusi ya watu, sufuria kubwa iko motoni na sukari ndiyo kwanza inashika. Mie nimekaa juu ya mbuzi, nimeinama, nakuna nazi za mkupuo wa pili. Salimu akaja kwenye mlango wa jikoni.

"Mama, mie natoka."

"Subiri zipoe, uchukue za njiani."

"Gari haisubiri. Niwekee changu."

Tukasikia mlango wa nje. Mama hakugeuka. Kashata zile zilitoka nzuri kuliko zote, alizisifu mwenyewe. Akazikata, akazipanga kwenye sinia la watu wa harusi, na kipande kimoja akakiweka kwenye ile sahani ya bati, akakifunika kwa kawa la ukindu. Cha Salimu.

Hakurudi. Barua haikuja, maiti haikuja, salamu haikuja. Mmoja alisema kamwona kwenye bandari fulani kanenepa, mwingine akasema meli ilizama, mwingine akasema kaoa huko na kabadili jina. Kila mwenye habari alikuwa na habari yake. Bibi yako aliwasikiliza wote, akawapa kahawa, na kila alipopika kashata kipande cha mwisho hakukiuza, alikifunika mezani.

Sasa sikiliza. Asubuhi moja alifunua kawa akakuta sahani tupu. Mie ndiye niliyeitwa, kwa sababu nilikuwa mwizi wa kashata na nyumba nzima inajua. Nikaapa. Akanivuta mkono mpaka mezani anionyeshe, na hapo ndipo yeye mwenyewe alipoona vizuri. Kwenye mzingo wa bluu kulikuwa na maganda ya iliki, vile vipande vidogo, vimepangwa kwa mstari, vimeachana sawasawa. Mkono wangu akauachia. Sahani ile aliiosha mwenyewe, hakunipa.

Baadaye sana ndipo aliponiambia. Salimu alipokuwa mtoto hakumeza ganda la iliki hata siku moja. Alilitoa kwa ulimi na kulipanga pembeni ya sahani, moja baada ya jingine, na alichapwa kwa tabia hiyo hakuiacha.

Utasema paka. Paka hapangi maganda, Rukia. Utasema panya, na panya angekula pamoja na ganda na kamba ya kawa juu yake. Utasema bibi yako alikuwa akiamka na kukila mwenyewe, na hilo nami nililiwaza, ila magego hakuwa nayo, kashata zake mwenyewe alizionja kwa ncha ya ulimi. Mie je? Mie kile kipande nilikiogopa. Nikipita chumba kile nilikuwa napita nimejibana ukutani. Haikuwa kila siku. Kuna siku kilikutwa vile vile kilivyowekwa, na kuna siku kimeliwa. Tukazoea. Mama alifunua kawa, akatazama, na kama kimeliwa alikuwa akitabasamu kidogo, kisha anawasha moto wa chai.

Wazee wa msikitini walimjia kumwambia miaka imepita, amsomee mwanawe khitma ya marehemu, apumzike. Mie nilikuwa nimebeba sinia la vikombe, nilimsikia kwa masikio yangu.

"Sisomei khitma mtu anayekula kwangu," alisema.

Wazee walimaliza kahawa yao wakaondoka, na hawakurudi kwa habari hiyo tena.

Kwa hiyo sahani haikumsumbua. Kilichomsumbua ni shati. Hakugeuka, unaona? Hakuwa anajua mwanawe aliondoka amevaa nini. Alianza kuniuliza mie, kwamba mie nilikuwa nimekaa upande wa mlango. "Alivaa shati gani?" Na mie nilikuwa nimeinamia mbuzi, sikuona kitu zaidi ya nazi. Nikasema sijui. Akauliza tena wiki nyingine, akauliza akichagua mchele, akauliza mbele ya wageni katikati ya maneno mengine. Aliuliza mpaka nikachoka. Siku moja nikamjibu, "La bluu."

Uso wake ulifunguka, Rukia. Na tangu hapo Salimu alivaa bluu. Bibi yako alifuata mashati ya bluu ya watu, sokoni, forodhani, alimfuata mwanamume wa watu mpaka stendi mimi nikimvuta kanga nyuma, na yule mtu alipogeuka akatuomba radhi sisi kana kwamba kosa ni lake. Kwenye ugonjwa wake wa mwisho, sauti imekwisha, aliniuliza tena. Nikasema bluu, mama. Mpaka leo sijui. Ningejua jinsi neno moja la mtoto aliyechoka linavyoweza kumtembeza mtu mzima juani miaka na miaka, ningevumilia kuulizwa mpaka mwisho. Inaniuma, nakwambia kweli.

Alipofariki, kazi nikairithi mie. Na mie nikajifanya mjanja. Nikaacha vifuu nikanunua jiko la gesi. Nazi nikapeleka mashine. Nikatia unga wa ngano ziongezeke, nikatia vanila badala ya iliki, na rangi nyekundu kwa sababu watoto huchagua kwa macho, nikazipanga kwenye vikopo vya plastiki. Zikatoka. Mpaka maduka ya Raskazone yakawa yanaziagiza. Sizitukani kashata zile, na wewe usizitukane, maana ada zako za shule zimetoka kwenye ile rangi nyekundu. Lakini mtoto wa siku hizi ukimwambia kashata, anachokijua ni kitu chekundu laini chenye ladha ya sabuni, na hilo nimelifanya mie na wenzangu.

Khitma niliisomesha, ya mama na ya Salimu pamoja, wazee wakafurahi. Jioni yake, kwa mazoea tu, nikaweka kipande chekundu kwenye sahani ya bati, nikafunika. Asubuhi kipo. Nikarudia, kipo. Hata sisimizi walikizunguka wakaenda zao. Utanicheka, ila nilikasirika. Nilisimama pale jikoni nikamsema marehemu, kama ni marehemu, kwamba watu wa Raskazone wanazigombania, yeye hatoi senti, anachagua nini? Kisha nikajiambia khitma imefika, kapumzika. Sahani nikafunikia mtungi. Lakini chini ya hasira ilikuwa aibu. Niliona kwamba kama kuna mtu anatoka huko anakotoka, mbali kote huko, kwa ajili ya kitu kimoja, basi mie nilimpa unga.

Miaka yote hiyo hapakuwa na kitu. Wewe umekulia kwenye miaka hiyo.

Kisha ukapata kazi, na juma lililopita ukaniambia, "Mama, nipikie za Bibi, nionje kabla sijaondoka." Nikaitafuta mbuzi ya zamani chini ya kitanda, meno yameshika kutu, baba yako akaipeleka kunolewa. Nikawasha vifuu uani, majirani wakachungulia. Nikatwanga iliki na maganda. Ulikula umesimama ukamaliza, halafu ukasema ndizo hizi, macho yamekujaa maji, ukasingizia moshi. Baba yako na kisukari chake alilamba mwiko akidhani sikumwona. Nilifurahi siku ile. Nilipokuwa navikusanya vyombo, nikajikuta nimeitoa sahani mtungini, nimeiosha, nimeweka kashata, nimefunika kwa kawa. Sikufikiri. Mkono ulifanya wenyewe.

Asubuhi baada ya sala nikaja kuandaa chai, nikafunua kawa.

Maganda ya iliki yalikuwa kwenye mzingo. Kwa mstari, yameachana sawasawa, kama nilivyoyaona nikiwa mtoto nimeshikwa mkono. Lakini si hayo yaliyonifanya nisilale vizuri tangu siku ile. Pembeni ya sahani, juu ya meza tupu, kulikuwa na kipande kingine, kizima. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba usiku niliweka viwili. Na sahani ile ina ukingo, Rukia, kitu hakidondoki chenyewe kikakaa vizuri mezani umbali wa kiganja. Kilikuwa kimetolewa, kikawekwa kando.

Wewe nilikuuliza kama uliamka kula, ukasema ulilala kama gogo. Baba yako akaapa. Nikazunguka na kazi zangu mpaka adhuhuri ndipo nikaelewa kile cha pili kilikuwa cha nani. Salimu hajawahi kuwekewa viwili. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kukuwekea wewe, na hata nguo hujafungasha. Ulishakuhesabu miongoni mwa wanaowekewa. Na aliyekuja kula, awaye yote, alikitoa kile nilichokuwekea akakirudisha mezani kwa walio hai. Ni mie ninayesema hivyo, hakuna aliyeniambia. Nilikichukua nikakila pale pale nimesimama, haraka, na maganda yake yote, kisije kikakuta magharibi. Koo liliwasha mpaka jioni. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa unaimba chumbani.

Basi leo. Nilikuwa napika za safari yako, za Bibi vile vile, upate za kula njiani na za kuwapa walimu wenzio huko. Sukari imeanza kushika. Nimekupa mgongo. Ukaja mlangoni ukasema, "Mama, mie natoka mara moja. Niwekee changu."

Ni maneno ya kila mtu, najua. Hakuna siku yanakosa kusemwa Mabawa nzima. Na mie kinywa changu kilishafunguka kukujibu, neno liko ulimini tayari: subiri zipoe. Lilikuwa linatoka kwa sauti ya mama yangu, si yangu. Nilitazama sufuria, mwiko unazunguka, na nikagundua kwamba umesimama nyuma yangu na mie sijui umevaa nini. Nikasikia mlango wa nje.

Ndiyo maana nilikimbia.

Ulikuwa umevaa gauni la kijani lenye maua meupe madogo. Mtandio wa njano, ule uliotoboka karibu na bega ambao nimekwambia uutupe. Ndala za baba yako, kwa sababu zako umeshazifunga kwenye begi, na kwa hiyo ulikuwa unaburuza miguu. Wanja wa jicho la kushoto umezidi. Ulikuwa unatafuna kitu, na ulipogeuka jua lilikuwa usoni kwako ukafumba jicho moja. Nimekuona. Nimekuona wote, kuanzia juu mpaka chini, na kama kuna mtu ataniuliza nitamjibu bila kubuni.

Niliporudi jikoni sufuria ilikuwa nyeusi na moshi umejaa. Za njiani hakuna, utanunua karanga kama watu wengine. Nimekwangua katikati nikapata kipande kimoja chenye afadhali, kichungu kidogo. Nimekiweka kwenye sahani ya bati, nimefunika. Hicho ni cha mjomba wako. Ajaribu, akikikataa shauri yake, nimemzoea kwa kuchagua. Sahani hii ina mwenyewe, na ni mmoja.

Wewe sikukuwekea, na sitakuwekea. Kesho stendi usiniambie neno lile, hata kwa mzaha. Niambie unakwenda na utakuja, halafu panda basi. Siku utakayorudi, hata nikiwa nimeshika mwiko na sukari imefika pale pabaya, wewe ingia tu uniite kutoka mlangoni, nami nitageuka, na zikiungua tutakwangua pamoja. Ukitamani kashata huko, Rukia, usiagize. Njoo ule.

Adhana ndiyo hiyo, na nasikia ndala za baba yako zinaburuzwa uani.

Mama yako